Gunia Lenye Fuvu

Masaka, Uganda
6 Machi 1979

Mdogo wangu Ernesta,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, maana huku nilipo hilo ni jambo la kumshukuru Mungu hata kabla ya chai. Mimi ninayo yote miwili, na viatu vya ngozi juu yake, vilivyotoka kwa mtu ambaye hakuwa na haja navyo tena. Mpe baba, Mzee Ndassa, shikamoo yangu. Mwambie mwanawe sasa ni mtu wa nchi mbili. Wale waliofika darasa la nane walinicheka mimi wa darasa la tano. Haya waulize, nani kati yao amewahi kukojoa kwenye ua wa mkuu wa Masaka? Na mwanangu Jovina umpakate kwa niaba yangu. Tangu mama yake afariki hana mama mwingine ila wewe shangazi yake, na hilo silisahau hata mabomu yakilia. Jino lake la mbele limeota?

Unajua jeshi lilipolichukua lile lori la pamba hapo Biharamulo, mimi nilichukuliwa nalo kama spea. Basi spea inafanya kazi. Tumewasukuma askari wa nduli wa Uganda toka mpakani kama ng'ombe waliokataa josho. Saba Saba, ile roketi yetu inayolia kama mama aliyefiwa, ikipita juu hata aliyeirusha anainama. Njiani nilikuta lori lao limepigwa. Dereva bado ameshika usukani, kichwa kiko kwenye kiti cha utingo. Nikamwambia, "Mwenzangu, wewe umekwisha fika." Watu wangu wakacheka. Usipocheka huku utalia, na ukilia huoni barabara. Mlangoni mwa lori hilo walichora fuvu la mtu na mifupa miwili imepishana. Likumbuke hilo fuvu.

Hapa mjini hapakubaki ukuta. Nyuma ya soko kuna ghala lililong'oka bati, mlinzi wake amelala juu ya magunia, nzi wamemjaa. Nilimvuta mguu polepole nikamweka kando kwa heshima zote. Chini yake, Ernesta, mahindi! Punje nene, zimelingana kama meno ya bandia, na nyekundu, zimepakwa rangi kama midomo ya wanawake wa mjini. Na kila gunia limepigwa mhuri wa fuvu lile lile. Ansbert, utingo wangu, yule wa kutoka Nemba, akasita. "Kaka, fuvu ni mauti." Nikamwambia, "Wewe shule ulikwenda kuchoma viazi? Hiyo ni alama ya kikosi chao, si tumeiona kwenye lori? Hiki ni chakula cha jeshi la fuvu. Na jeshi gani linapiga mhuri wake kwenye chakula kibaya?" Maandishi nayo nimeyasoma. Si Kiingereza, Kiingereza ningekijua. Ni lugha ya mbali zaidi, kwa hiyo ni chakula cha wakubwa zaidi.

Hebu ona dunia ilivyokuwa ndogo. Bunduki ya Mchina, roketi ya Mrusi, tairi la Mjapani, na mahindi ya sijui nani, yote yamo katika lori la pamba la Biharamulo, na usukani kaushika Msukuma!

Nakuletea magunia mawili kwa mkono wa Anatoli, dereva mwenzangu anayepeleka majeruhi Bukoba kisha anateremka hadi Mwanza. Jeshi limekataza kuokota vitu, kwa hiyo asiyeulizwa asijibu. Gunia moja ni la nyumbani, Jovina ale ashibe. La pili ni la uji wako wa watoto wa kijiji. Wakinywa waambie ni Kazimili.

Kaka yako,
Kazimili Ndassa

*

Nyabusozi, Biharamulo
29 Machi 1979

Kaka Kazimili,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kila jioni tunakusikiliza kwenye redio ya kijiji, ingawa bado hawajakutaja jina. Baba anaitikia marahaba na anasema viatu vya marehemu uvivue. Mitamba miwili iliyobaki imekufa kwa mbung'o. Sasa sisi ni Wasukuma wa jina, hatuna hata kwato. Muhogo umeoza, tunakula michembe ya viazi vikavu mpaka watoto wanalia wakiiona sufuria. Jino la Jovina limeota, limepinda kama la babu yake.

Magunia yamefika, na Anatoli akala kuku wangu. Ahsante, kaka. Sikuwa na la kuwapa watoto siku za kliniki. Tangu nirudi kutoka yale mafunzo ya wahudumu wa afya nimeletewa mabango ya lishe bora kutoka ng'ambo. Liko moja la mama mnene amevaa viatu, yuko jikoni mwenye bomba, anamkorogea mwanawe maziwa na yai. Nikilitundika, wanawake wanasema, "Dada Ernesta, sisi tumeelewa, bado bomba, maziwa, yai na viatu." Basi safari hii niliwaambia, bango limetushinda, lakini uji upo.

Anayenikorogea ni Bibi Kanyange, yule mfinyanzi mwenyeji wa Nyamiaga kule Ngara, aliyekuwa akikaa peke yake bondeni mpaka Operesheni Vijiji ilipomkuta. Utamkumbuka. Nyumba yake ilichomwa na vyungu vyake mia na zaidi ndani, naye akaletwa hapa kwenye lori, na dereva wa lori hilo tunamjua mimi na wewe. Haya, tuyaache. Anaishi na mjukuu wake mdogo, Esperansia, na chungu chake kikubwa ndicho tunachopikia.

Tulipoyaosha mahindi, maji yalitoka mekundu kama tumechinja. Tuliosha mara tatu hadi yakawa meupe. Kwa kuwa lile fuvu lilinisumbua, nikawapa kuku kwanza, siku nne. Kuku hawakufa. Lakini Bibi Kanyange alitia punje moja mdomoni, akaitema. Akasema, "Hii ni mbegu. Chakula hakipakwi rangi." Wanawake wakamcheka, kwamba Mhangaza akishiba hufikiri shamba. Yeye fungu lake la kukoroga, beseni zima, hakulipika. Alilipanda nyuma ya nyumba yake, mvua ya kwanza tu.

Watoto wanakunywa kila Jumanne na Ijumaa. Wanaimba jina lako, ndiyo, uvimbe kichwa. Niambie tu, kaka, lile fuvu una hakika nalo?

Mdogo wako,
Ernesta

*

Kampala
22 Aprili 1979

Ernesta wangu,

Soma anwani hiyo, halafu mpelekee mwenyekiti wa kijiji naye aisome, akae chini. Kampala! Nimeingia na lori langu katikati ya barabara, wanawake wananirushia maua, mwingine alinirushia ndizi ikanipata jicho. Baba namwamkia. Viatu sijavivua, mwambie miguu imekubali. Jovina amezidi urefu? Hukuniambia kama anaufurahia uji.

Habari za hapa utadhani nazitunga. Maiti wako kwenye mitaro na mbwa wamenenepa. Juzi karibu na soko watu walimkamata mtu mmoja, wakasema ni shushushu wa nduli. Alama yake ilikuwa nini? Viatu vya kisigino kirefu na miwani myeusi. Walimpiga kwa matofali mpaka kichwa kikawa kama tikiti lililoanguka toka kwenye lori. Nilikuwa juu kwenye usukani, naona vizuri. Mtu mmoja akaniuliza, "Mkombozi, tumefanya sawa?" Nikampigia honi. Kila mtu akacheka. Baadaye mwanamke alikuja akasema yule alikuwa fundi wa saa. Sijui. Mimi sikuuliza, wala yeye hakuulizwa.

Kuhusu fuvu lako, mtoto wa kike, usinifundishe vita. Nimekwambia ni alama ya kikosi. Ansbert mwenyewe aliyeogopa, sasa ana debe zima la mahindi yale chini ya kiti, anajipikia bisi kila tukisimama. Amenenepa shingo. Na huyo bibi yako wa vyungu mwambie mbegu inapandwa na maskini, mwenye nacho anaila.

Kwaheri kutoka ikulu (niliuona ukuta).

Kaka yako,
Kazimili

*

Nyabusozi
20 Mei 1979

Kaka,

Shikamoo. Tunashukuru kwamba u hai. Baba anakohoa tu. Jovina anakusalimu.

Kijijini si kuzuri. Ilianza wiki mbili baada ya Pasaka. Mtoto mmoja alisema midomo yake imelala, kama ameng'atwa na nyuki asiyeuma. Kisha vidole. Kisha wakaanza kutembea kama walevi wa pombe ya ndizi, miguu imeachana, wanashika kuta. Sasa ni watoto kumi na tisa. Melania wa jirani yetu Faustini, aliyekuwa akiruka kamba kuliko wote, aliingia motoni akitembea, macho wazi. Tulimtoa, hakulia kwa moto. Alilia siku tano kwa jambo jingine ambalo hakuweza kulitaja, kwa sauti kama ya ndama, akakunjamana mwili, akafa. Mtoto wa mwalimu naye amemfuata. Na wa balozi wetu wa nyumba kumi hasikii tena.

Mganga wa wilaya alikuja na baiskeli, akapima damu, akaangalia macho. Si malaria, si uti wa mgongo. Aliuliza maswali mengi, nikamjibu.

Watu hawana mganga wanayemngoja tena. Wamehesabu nyumba zote, kaka, wakakuta moja ambayo haina mgonjwa. Ya Kanyange. Esperansia anacheza mbele ya mlango, mzima kama punje. Mikono ya nani ilikoroga uji? Chungu cha nani? Faustini alimtemea mate kisimani mbele yangu. "We bibi, unakula watoto wetu, wa kwako unamfuga?" Kanyange akamjibu, "Mwanangu, mimi nakula mchicha." Wakamwaga maji yake. Jana wamekivunja kile chungu kwa mawe, na jiwe moja lilimpata mgongoni.

Niandikie upesi. Niandikie chochote.

Ernesta

*

Jinja
12 Juni 1979

Mpendwa dada,

Salaam nyingi kutoka kwenye chanzo cha mto Nile, ambamo nimeosha miguu. Shikamoo ya baba ipo. Vita vimekwisha, nduli amekimbia, sasa tunasafisha tu. Natumaini mvua imewaendea vizuri na mwenyekiti bado anasinzia mikutanoni, ha ha.

Pole kwa hao watoto. Dunia ina magonjwa mengi.

Ansbert hayuko nami tena, amepelekwa Bukoba kupumzika. Nina utingo mpya, hajui hata kufunga turubai.

Jambo dogo. Yale mahindi kama yamebaki, msiyale. Msiwape kuku wala nguruwe. Chimbeni shimo refu myafukie mbali na kisima. Sababu usiulize, ni jambo la kijeshi. Nikija nitakueleza.

Jovina anakula? Anatembea vizuri? Nijibu hilo kwanza.

Kazimili

*

Nyabusozi
27 Juni 1979

Kazimili,

Leo sikuamkii. Jambo la kijeshi liko tumboni mwa watoto wa kliniki yangu, halafu nisiulize sababu? Wewe tangu lini ukaficha sababu? Wewe unayeandika kurasa mbili kwa ajili ya kukojoa!

Magunia yamekwisha tangu Mei. Hapakubaki hata punje ya kufukia.

Sasa nisikilize. Wamemleta mfumu, mpiga ramli, kutoka ng'ambo ya msitu. Alichinja kuku, akampasua, akasoma utumbo mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamekaa kama kanisani. Akasema, mwanamke asiye wa hapa, mwenye moto na udongo. Hakuna aliyegeuka kumtazama Kanyange kwa sababu wote walikuwa wameshamtazama. Mwenyekiti, kwa kuogopa kura au panga sijui, ameitisha mkutano Jumamosi tarehe 14 Julai "kuamua suala la bibi". Polisi wako mjini na gari lao halina betri. Nimemwambia bibi akimbie kwao Nyamiaga. Anasema alishahamishwa mara moja kwa moto, hahami tena, na kwamba mahindi yake yamechanua. Kila asubuhi Faustini ananoa panga kwenye ngazi ya zahanati, kwenye jiwe ninalosimama nikifundisha kunawa mikono. Hanitukani. Ananiamkia vizuri, "Habari za asubuhi dada," kisha anaendelea kunoa.

Watoto waliokufa sasa ni watatu.

Niandikie barua ninayoweza kuisoma kwa sauti, mbele ya watu, kabla ya tarehe 14. Ukiandika nyingine yoyote nitaiwashia moto.

Umeniuliza habari za Jovina mara nyingi. Leta lako, nami nitakupa langu.

Ernesta

*

Masaka
8 Julai 1979

Kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa baba yangu Mzee Ndassa, kwa Faustini na wanakijiji wote wa Nyabusozi. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mnanijua kwa mdomo. Leo mdomo umeishiwa petroli, nitasema tu.

Ugonjwa wa watoto wenu umetoka kwangu. Mahindi mekundu niliyaokota mimi katika ghala hapa Masaka, nikayatuma mimi, nikasema ni chakula mimi. Si chakula. Ni mbegu. Ansbert, utingo wangu, aliyala yale yale. Mwezi wa tano alianza kunishika bega akisema kaka, barabara imekuwa nyembamba. Nikamcheka, nikamwambia ni pombe. Mwezi wa sita alikuwa haoni kitu ila kama anachungulia kwenye bomba, na mkono wake haukuweza kuleta kijiko mdomoni, kikawa kinampiga jicho. Nilimpeleka Bukoba amefungwa kamba kwenye machela, alikuwa akijing'ata ulimi mpaka damu ikajaa shingoni. Amekufa. Mama yake yuko hapo Nemba, naomba mwenyekiti amtume mtu mwenye moyo ampelekee habari.

Nikirudi kutoka Bukoba nilimtafuta bwana shamba wa hapa, Mganda mzee, nikampeleka kwenye ghala. Akalitazama gunia, akanitazama mimi, akauliza, "Na ninyi mlikula?" Akanieleza. Nchi za mbali wanaipaka mbegu dawa kali ili wadudu wasiile ardhini. Kisha wanaitia rangi, ili mtu akiona rangi ajue kuna dawa. Nikamwambia dada yangu aliosha mara tatu. Akasema, "Rangi inatoka. Dawa inabaki." Haiui leo. Inakaa mwilini wiki na wiki, ndiyo maana kuku hawakufa. Nilimuuliza maandishi yanasema nini. Akasema lugha hiyo yeye pia haijui, wala hajui ni kwa nini gunia liletwe kwa watu weusi na maneno ambayo hata Mzungu wetu hayasomi. Lakini fuvu, akasema, fuvu linasomwa na kila mtu. Isipokuwa mimi. Mimi nililiona mlangoni mwa lori nikajifanya mwalimu.

Niliyajua haya nilipoandika barua ya mwezi wa sita. Nikaandika "jambo la kijeshi". Hakuna jambo la kijeshi. Niliogopa mkuu wa kikosi, nikaogopa zaidi ninyi.

Bibi Kanyange hana kosa. Mjukuu wake ni mzima kwa sababu bibi yake alijua mbegu akiiona. Hamumwadhibu kwa uchawi, mnamwadhibu kwa akili. Nilimwona mtu akiuawa kule Kampala kwa viatu vyake, nikapiga honi. Sitaki kupiga honi tena.

Mkitaka damu, ya kwangu ninayo na inatembea. Barua hii ikifika kwa mkuu wa kikosi, ifike. Anatoli anaileta mwenyewe, nimemwambia asilale njiani.

Kazimili Ndassa, dereva

Ernesta, usisome hapa kwa sauti. Mwanangu yuko wapi?

*

Nyabusozi
19 Agosti 1979

Kaka Kazimili,

Shikamoo. Safari hii naandika polepole, maana bega la kulia lina nyuzi.

Anatoli alikwama siku tatu kwenye foleni ya daraja la Kyaka. Alifika Jumapili, tarehe 15. Hawakungoja Jumamosi, kaka. Walikwenda Ijumaa asubuhi, bibi akiwa shambani mwake anafukuza tumbili kwenye mahindi. Walikuwa watatu, Faustini mbele. Nilisikia sauti nikiwa naning'iniza bango la mama mwenye viatu, nikakimbia nalo mkononi. Panga la kwanza lilikuwa la kichwa. Bibi aliinua mkono wa kulia, mkono ukaanguka kwenye mahindi, nao ukaendelea kushika fimbo ya tumbili. Nikajitupa juu yake, na la pili likanipata mimi begani.

Hapo nikasema, na barua yako ilikuwa bado Kyaka. "Uji ni wangu! Nilipika mimi! Mahindi ni ya kaka yangu!" Faustini akasimama na panga juu. Nadhani hakuniamini. Nadhani alikuwa anahesabu tu, kwamba sasa wako wawili. Kisha baba yetu, na kikohozi chake, na ile fimbo ya kuchungia ng'ombe ambao hatuna, akapita katikati ya watu akasimama juu yetu. Akamwambia, "Faustini mwanangu, ukimaliza hawa anza na mimi, maana nilikula ugali wa mahindi hayo kwa bakuli kubwa." Ndipo nikajua ni kwa nini baba siku hizi anamwaga chai.

Barua yako niliisoma Jumapili, mkono umefungwa shingoni. Sikuruka hata neno. Faustini alikuja mbele akaniomba karatasi. Hajui kusoma, unajua hilo. Aliishika kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akanirudishia kwa mikono miwili. Polisi walipokuja kwa miguu aliwafuata bila kamba. Mkewe amebaki, analima shamba lao peke yake. Nampelekea maji.

Sasa langu. Mganga wa wilaya alipouliza mwezi wa tano, "Watoto wamekula nini?", nilimjibu, "Ugali." Basi. Neno moja. Nilikuwa na gunia tupu nyuma ya mlango, fuvu limegeukia ukutani kwa sababu nililigeuza mimi. Niliogopa watasema mhudumu wa afya ameua, na kaka yake ni mwizi. Mtoto wa tatu alikufa baada ya neno hilo, na wengine waliendelea kunywa hadi gunia la pili likakauka. Wewe uliandika jambo la kijeshi, mimi nilisema ugali. Tumezaliwa tumbo moja.

Nimempelekea mganga gunia lenyewe. Ameliandikia barua linakwenda Dar es Salaam. Mabango ya ng'ambo nimeyashusha. Nimechora langu kwa mkaa kwenye mlango wa zahanati, fuvu kubwa na punje chini yake, na hakuna mtu mwenye viatu. Wanawake hawakucheka. Kila mmoja aliligusa kwa kidole kabla ya kuingia.

Jovina yu hai. Nilikuficha kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuumwa, uji wa kwanza ulikuwa wake, aliunywa akisema "wa baba". Anatembea akishika ukuta. Anaona mbele kidogo tu, kama yule Ansbert wako, pembeni giza. Mganga hakuniahidi kitu. Lakini anakula, na anakuuliza.

Hashindi kwangu. Anashinda kwa Kanyange, wala si mimi niliyempeleka. Bibi aliporudi kutoka hospitalini alikuta mahindi yake yamekauka kwenye mabua, makubwa, meupe, hakuna aliyediriki hata kuyaiba. Kuvuna kwa mkono mmoja hakuwezekani. Jovina alipapasa mpaka kule, bibi anamwonyesha, "kushoto, juu, hapo," naye anavunja. Wamejaza vihenge viwili. Wiki iliyopita bibi alichoma hindi moja njiani kwenda kisimani, watu wote wakimtazama, akala mstari kwa mstari mpaka gunzi. Akasema, "Mbegu ukiipanda inakusamehe." Akaenda zake.

Nilimsomea barua yako ya tarehe 8. Aliisikiliza yote. Akauliza kama huyo Kazimili ndiye yule dereva wa lori la Operesheni, aliyekuwa akiimba nyumba yake ikiungua. Nikasema ndiye. Kisha akaniambia chukua kalamu. Haya ni maneno yake, sijapunguza:

"Dereva, mvua za vuli zinaanza mwezi wa tisa. Nina shamba, nina mbegu, sina mkono. Ulinileta hapa, uje unilimie. Viatu vya marehemu uviache huko huko. Jembe lipo."

Mdogo wako,
Ernesta